Barua na Majibu: Uliyemsoma Anasikika Ndani ya Sentensi Zako

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaoandika watuletee maswali yao. Barua za Arusha na Moshi zilikuja na hofu moja, ila kila mwenye barua ameieleza kwa namna yake: nitajuaje kama ninachoandika ni changu? Tumechagua barua tano na kuzifupisha.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina miaka 23, nimeandika hadithi fupi saba. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari alizisoma akanirudishia na kuniambia, "Hizi ni za Kezilahabi. Zako ziko wapi?" Kweli nampenda mno Kezilahabi, yule mwandishi wa riwaya. Tangu siku ile nimeacha kusoma riwaya ili nipate sauti yangu mwenyewe. Nimeambatanisha hadithi mbili. – J., Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba. La kwanza, rudi kwenye vitabu leo hii. Aliyemsoma mwandishi mmoja kwa mapenzi kisha akaacha kusoma kabisa hajamwondoa yule mmoja. Amebaki naye peke yake, na sasa hakuna wa kumpinga.

Hadithi zako tumezisoma. Sentensi fupi za kukata hazina ubaya, si mali ya mtu. Kasoro iko mwishoni, kwani hadithi zote mbili zinaisha kwa mhusika kujiua. Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Kezilahabi, anafika hapo baada ya kitabu kizima cha kuhangaika na swali la kama maisha yana maana yoyote. Mwanaapolo wako, yule mchimbaji mdogo wa Mererani, anafika hapo kwenye ukurasa wa tisa kwa sababu "amefukuzwa kazi na mshahara umekatika". Umechukua tokeo ukaacha sababu zake. Wengi wanaoiga hukosea hapo hapo, maana kitabu kikishafungwa kinachobaki kichwani ni mwisho wake, na ngazi alizopanda mwandishi kuufikia hatuzikumbuki.

Halafu kuna neno "mshahara". Wachimbaji wengi wadogo wa tanzanaiti hufanya kazi kwa mgawo wa kinachopatikana: mwenye mgodi anatoa chakula na vifaa, jiwe likitoka ndipo watu wanagawana. Mtu wa namna hiyo hapotezi mshahara. Anachopoteza ni miezi aliyokwisha kuchimba, na zamu yake ya kuwepo siku jiwe litakapotoka. Je, atakufa, au atazunguka lango akimbembeleza msimamizi amrudishe kabla wenzake hawajafikia mkanda wa mawe? Umeona hadithi ilivyogeuka bila wewe kutafuta "upekee" popote. Ulichohitaji ni kuijua kazi ya mhusika wako kuliko Kezilahabi alivyoweza kuijua. Naye mwenyewe hakuzuka hivi hivi. Wahakiki wamekwisha kuonyesha alivyoathiriwa na udhanaishi, falsafa ya Ulaya inayohoji maana ya maisha. Lakini riwaya yake Rosa Mistika (1971) imesimama Ukerewe, kisiwani alikozaliwa, na hakuna mwanafalsafa wa Paris ambaye angemwazima Ukerewe.

Sasa kazi yenyewe. Toa kurasa tatu za hadithi yako: ya kwanza, moja yenye mazungumzo mengi, na ya mwisho. Weka pembeni kurasa tatu za namna hiyo kutoka kwa yule unayempenda. Hesabu maneno katika sentensi kumi za mwanzo za kila ukurasa. Kisha chukua kalamu za rangi nne: moja kwa namna aya zinavyoanza, moja kwa tashbihi na taswira, moja kwa maneno yanayotangulia au kufuata kauli ya mhusika, moja kwa sentensi ambamo msimulizi anatoa hukumu juu ya maisha. Rangi ikijaa mahali pale pale kwenye kurasa zako na zake, umeshapata ulichochukua. Mara nyingi ni kitu kimoja au viwili tu. Kwako wewe ni hukumu za msimulizi, tumekutia alama ishirini na moja katika hadithi ya pili.

Usirekebishe kwa kubadilisha neno moja moja. Ukiandika "huzuni" palipokuwa na "simanzi", mwendo wa sentensi unabaki ule ule, na msomaji anausikia mwendo kabla hajayaona maneno. Andika pembeni, kwa mstari mmoja, kila aya inafanya kazi gani ("hapa anatambua mwenzake amemficha jiwe"). Weka muswada kabatini wiki moja au mbili. Ukirudi, andika upya kutoka kwenye ile mistari ya pembeni peke yake, bila kuangalia muswada wa kwanza.

Katika wiki hizo soma waandishi walioumbika tofauti. Msome Adam Shafi katika Kuli (1979) uone kazi ya bandarini inavyobeba hadithi nzima. Msome Shaaban Robert kwa sentensi ndefu zenye kupimana uzito. Kwa mazungumzo soma tamthilia za Penina Muhando, ambamo hakuna msimulizi wa kuja kumsaidia mtu. Ukitaka kujifunza mtindo, nakili ukurasa mmoja kwa mkono. Ila uwe na daftari la kunakilia peke yake: juu andika jina la kitabu na ukurasa, na kila ulichonakili kiwe ndani ya alama za kunukuu. Wizi mwingi wa maandishi usiokusudiwa huanzia kwenye daftari lisilo na alama hizo. Miaka miwili ikipita unalifungua, unakuta sentensi nzuri kwa mwandiko wako, unaamini ni yako.

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Nimeandika hadithi ya mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, anayekuta chui amekauka kwenye barafu karibu na kilele. Rafiki yangu mwongoza watalii anasema huyo chui ni wa Hemingway, yule mwandishi wa Kimarekani, nitashtakiwa. Nifute? – Mdau wa Soweto, Moshi

JIBU: Usifute. Chui ni wa mlima. Mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch, ambaye kreta ya Kibo inaitwa kwa jina lake, alimkuta chui huyo mwaka 1926. Hadithi ya Ernest Hemingway, "The Snows of Kilimanjaro", ilitoka mwaka 1936, miaka kumi baadaye. Jambo lililotokea kweli halina mwenyewe. Hemingway alilichukua kama unavyolichukua wewe.

Chake ni alichokifanya nalo. Alimweka chui katika aya fupi kabla hadithi haijaanza, akasema hakuna aliyeweza kueleza mnyama yule alitafuta nini kule juu, kisha hamrudii tena. Kwa hiyo kagua muswada wako uone kama una nyayo zake, na nyayo hizo ni rahisi kuzipata.

Ya kwanza ni urefu wa mlima. Hemingway aliandika futi 19,710, yaani mita 6,000 na ushei. Urefu unaokubalika leo ni mita 5,895, sawa na futi 19,341 hivi. Umetuandikia kwamba mgumu wako anawaambia wageni "futi elfu kumi na tisa mia saba na kumi". Hakuna mgumu wa leo atakayesema hivyo, kwani kibao kilicho kileleni kimeandikwa 5,895. Kosa la kuazima ndilo linalomuumbua mwandishi. Watu wawili wakisema ukweli uleule, huenda kila mmoja aliupata kwake, lakini wakikosea kosa lilelile, mmoja amemchungulia mwenzake.

Ya pili: mhusika wako, Mchagga wa Marangu, anakiita kilele "Nyumba ya Mungu" akisema ni jina la Kimasai. Hilo nalo limo katika aya ile ya Hemingway. Mzee wa Marangu atasema Kibo, basi. (Nyumba ya Mungu kwa watu wa Moshi ni bwawa, na wanachokifikiria wakilisikia ni samaki.) Ya tatu ni sentensi yako ya mwisho: "Alitafuta nini huku juu?" Ifute hiyo, hata kama uliitunga usiku wa manane bila kitabu mezani.

Badala yake mpe mgumu anachokijua yeye na Hemingway hakukijua. Kikomo cha mzigo wa mgeni ni kilo 20, na juu yake kuna begi la mgumu mwenyewe. Kutoka Kibo Hut wageni huondoka usiku wa manane kupanda kilele, na wagumu wengi hubaki kambini. Basi huyu wako amefikaje kwenye ukingo wa kreta? Kama alipanda kumfuata mgeni aliyezidiwa, au alipanda kwa siri ili apate picha ya kuwaonyesha wanawe, tayari una hadithi, na chui anaweza hata kuwa jambo dogo ndani yake.

SWALI: Hivi methali, nahau na vitendawili ninavyotumia kwenye riwaya inabidi nitaje mwenyewe? – Dada wa Himo

JIBU: Hapana, dada. Ni mali ya wasemaji wote. Tungekuonya kitu kingine tu: wahusika wako watano wote wanasema methali, na mtoto wa miaka minane anasema nyingi kuliko babu yake. Mpe methali mtu mmoja, wengine waongee kama wanavyoongea stendi ya Himo.

SWALI: Nimetafsiri riwaya ya upelelezi ya Kimarekani, kurasa 214. Nimebadilisha majina yote, na Chicago sasa ni Arusha. Nimesikia ukibadilisha asilimia 30 inakuwa kazi yako. Je, nimefikisha? Rafiki zangu wananikatisha tamaa, eti nguo ya kuazima haisitiri matako. – Mwandishi wa Njiro

JIBU: Rafiki zako wana haki. Asilimia hiyo haimo katika sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake kutafsiriwa na kugeuzwa umbo, na iliweka ulinzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwandishi wako yu hai. Ukibadilisha majina tu, ile ni tafsiri bila ruhusa, na vijana wa chuo wangeiita kudesa, yaani kunakili kazi ya mwenzio.

Hata sheria ikiwekwa kando, kitabu chenyewe kimekataa kuhamia Arusha. Sura ya 19 mtuhumiwa anahukumiwa na jopo la raia kumi na wawili, na mahakama zetu hazina jopo la namna hiyo. Mahakama Kuu ilizoea kukaa na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni tu, na jaji ndiye aliyeamua. Sura ya 6 mpelelezi anamkimbiza mtu kwenye treni ya chini ya ardhi, kisha wanatokeza Kaloleni. Msomaji wa Arusha atacheka, halafu atakiweka kitabu chini. Msuko wa riwaya ya upelelezi umefungwa kwenye taratibu za mahali: nani anaruhusiwa kupekua nyumba, maiti inapelekwa wapi, jirani anajua nini. Ukivuta mahali pake, visa vinabaki vinaning'inia.

Una njia mbili. Ukiipenda sana tafsiri hiyo, mwandikie mchapishaji wa kitabu cha asili. Taja jina la kitabu na toleo, lugha, nchi utakazouza, idadi ya nakala, na kama kitakuwa cha karatasi au cha simu. Usichapishe hata sura moja kabla ya jibu la maandishi. Ukinyamaziwa, hujaruhusiwa. Jibu likiwa ndiyo, majina yote yarudi kama yalivyokuwa, na jina la mtunzi likae juu ya lako.

Njia ya pili ni ile ya Muhammed Said Abdulla. Mpelelezi wake, Bwana Msa, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ana kiko mdomoni, ana mwenzake wa kushangazwa naye, na anafumbua mambo kwa kuona walichokipita wengine. Kila aliyemsoma Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, anamtambua. Lakini mashamba, ukoo, urithi na imani ya mizimu ni vya Unguja tupu, na fumbo lenyewe limetokana na vitu hivyo. Abdulla alichukua aina ya mtu na aina ya kitabu. Kisa hakuchukua. Naye Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952) alichukua kisa chenyewe, ila alikitoa katika Alfu Lela Ulela, ambayo haina mtunzi wa kumdai, akakisuka upya kwa adili lake.

Ukipenda kutafsiri kazi ya zamani isiyolindwa tena, jihadhari na jambo moja. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na yeye mwenyewe habari za Kaisari alizitoa kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kupitia tafsiri ya Kiingereza. Mtu yeyote anaweza kumtafsiri upya. Lakini tafsiri iitwayo Juliasi Kaizari ni maneno ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na tafsiri ina ulinzi wake peke yake. Ukifungua tafsiri yake "kupata msaada kidogo" kila mstari, utakuwa umemnakili Mwalimu wala hujamtafsiri Shakespeare.

SWALI: Waheshimiwa malenga, nilituma shairi gazetini. Kibwagizo chake: "Mwenye njaa haulizi, chungu kimetoka wapi." Malenga mmoja mzee ameniandikia kwamba kibwagizo ni chake, alikisoma redioni zamani, na kwamba hata bahari na vina nimemwibia. Sikumbuki kumsikia. Nimjibuje? – Kijana wa Ngarenaro, Arusha

JIBU: Kwanza tenganisha madai yake, maana amechanganya matatu.

Bahari, yaani aina ya shairi, si yake. Tarbia ya mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), ni nyumba ya wote. Sheikh Amri Abedi, yule ambaye uwanja wetu wa mpira hapa Arusha una jina lake, aliziandika kanuni hizo katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, wala naye hakuzibuni, alizikuta.

Vina si vyake pia, ila hapa tuna neno nawe. Beti zako nne kati ya saba zina kina cha -ni: moyoni, duniani, nyumbani, maishani. Karibu kila jina la kitu au mahali katika Kiswahili linaweza kuvikwa -ni, kwa hiyo kina hicho huja bure, na kila anayekitumia huishia kwenye maneno yale yale. Ndiyo maana unafanana na mzee, na yeye anafanana na wengine mia. Jaribu -shi, -mbo au -ge. Andika kwanza orodha ya maneno kumi na mawili yenye kina hicho kabla hujatunga mshororo wowote. Yasipofika kumi na mawili, chagua kina kingine, usije ukakwama ubeti wa tano ukaanza kukatakata maneno.

Kibwagizo ndicho jambo zito. Ni mshororo unaorudi kila ubeti, ndio unaokaa kichwani mwa msikilizaji, na ndio unaovuja kwa urahisi kutoka redioni hadi kwenye kalamu ya mtu bila yeye kujua. Mizani 16 zikifanana zote, neno kwa neno na kwa mpangilio uleule, kusema "ni bahati tu" hakutamridhisha mtu yeyote. Usibishane naye juu ya nani alianza. Ushairi wetu una njia yake, nayo ni kujibizana. Tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga wamekuwa wakichukua maneno ya wenzao na kuyarudisha yakiwa yamepinduliwa. Adabu yake ni hii: unabaki kwenye bahari na vina vya mwenzako, unamtaja au unamwashiria ubeti wa kwanza ili hadhira ijue unamjibu nani, na kibwagizo unakigeuza. Mfano:

Mwenye njaa huuliza, chungu akikuta tupu.

Mizani ni zilezile, nane kwa nane, na njaa na chungu ni vyake. Hoja sasa ni yako. Mtumie mzee shairi la namna hiyo kabla ya kulipeleka gazetini, ulitangulize na shikamoo na maelezo mafupi kwamba kibwagizo cha kwanza huenda kilikukaa sikioni. Malenga wengi wakubwa watafurahi kupata wa kuwajibu kuliko kuombwa radhi kwa nathari. Kwa gazeti, mwombe mhariri achapishe mstari mmoja kwamba kibwagizo kile kinafanana na cha malenga fulani. Na shairi la kwanza usilitie katika diwani yako mpaka umebadilisha mshororo huo.

Nyongeza fupi. Wasomaji wawili wa Tengeru na Kibosho wameuliza kwa maneno tofauti kama wazo linaweza kuibiwa, kwa mfano ukimweleza mtu msuko wa riwaya kwenye kundi la WhatsApp naye akauandika. Wazo tupu halina ulinzi wa hakimiliki, maneno uliyoyaandika ndiyo yanayolindwa. Kwa hiyo andika kwanza, angalau muhtasari wa kurasa tatu na sura mbili kamili, jitumie kwa barua pepe ili tarehe ibaki, na kazi ikikamilika isajili katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Ukishafanya hivyo, msimulie unayemtaka.